Safari ya Siku Mbili kwa Reli: Kyoto na Nara, Miji ya Kale ya Japani

Katika mazungumzo ya leo twataka kuwachukua safari ya mbali, lakini ni safari ya siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, kama wafanyavyo watu wengi wa mji wa Tokyo wapatapo nafasi ya kupumzika kazi. Hatutapanda meli wala ndege, maana kwa mawazo tumekwisha fika Japani. Tutapanda gari la reli, tuende tukaitazame miji miwili ya kale, Kyoto na Nara, iliyokuwa makao ya wafalme wa nchi ile kabla ya Tokyo.

Tena tunalo swali moja tutakalolichukua njia nzima, kama msafiri achukuavyo bakora yake. Swali lenyewe ni hili: nyumba ya miti huoza, huliwa na mchwa, huteketea kwa moto. Imekuwaje basi hata nyumba za miti za miaka 1,300 zingali zikisimama katika nchi yenye matetemeko, moto na vita? Tukifika mwisho wa safari tutatazama kama jibu tumelipata.

Haya, tuanze stesheni. Ni Jumamosi, saa moja asubuhi, nasi twasimama katika stesheni ya Tokyo. Jambo la kwanza la kutustaajabisha si gari, ni watu. Chini, pale abiria wanapongojea, pamechorwa alama za kuonyesha mahali utakapofika mlango wa kila behewa, na watu wamekwisha jipanga nyuma ya alama hizo, safu kwa safu, wala hapana asukumaye mwenziwe. Gari laingia, na milango yake yasimama pale pale penye alama. Waliomo hutoka kwanza. Kisha huingia wafagiaji, nao husafisha mabehewa na kuvigeuza viti vyote vielekee mbele, kwa muda wa dakika chache tu. Ndipo abiria huingia, na saa ya kuondoka ikifika, gari huondoka.

Gari hili huitwa Shinkansen, maana yake ni Njia Kuu Mpya. Sisi tumezoea kusema "gari la moshi", lakini hili halina moshi hata kidogo, kwa kuwa huendeshwa kwa umeme upitao katika waya zilizotandazwa juu ya njia. Lilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki iliyofanywa Tokyo mwaka ule. Zamani, mtu aliyetaka kwenda Kyoto kutoka mji huo, ambao siku zile uliitwa Edo, alikwenda kwa miguu katika njia iliyoitwa Tokaido. Njia hiyo ilikuwa na vituo 53 vya kupumzikia, na msafiri alitembea majuma mawili hivi. Leo gari la mbio hutwaa muda wa saa mbili na robo hivi. Atakayekunywa chai asubuhi Tokyo, atafika Kyoto kabla jua halijawa kali.

Wahenga wetu walisema, "Haraka haraka haina baraka." Je, neno hili linavunjwa na gari liendalo kilomita 285 kwa saa moja? Sisi twaona halivunjwi. Haraka isiyo na baraka ni ile isiyo na matayarisho, na reli hii ina matayarisho mengi. Tutaje machache.

La kwanza ni njia yenyewe. Reli za kwanza za Japani, zilizoanza mwaka 1872 kati ya Tokyo na Yokohama, zilijengwa kwa upana wa milimita 1,067. Upana huo ni sawasawa na wa reli ya TAZARA, itokayo Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia. Njia nyembamba hujengwa kwa fedha kidogo, tena hupinda kwa wepesi milimani, lakini haifai kwa mbio kubwa. Kwa hiyo Shinkansen ilijengewa njia nyingine kabisa, yenye upana wa milimita 1,435, kama reli ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Mapindo yake ni makubwa na ya polepole, na mahali pote njia hupita juu ya daraja au ndani ya mlima au katika tuta lililozungushiwa ua, hata hapana mahali gari la barabara, mtu au mnyama awezapo kukatiza mbele yake.

La pili ni nguvu. Hapana kichwa kimoja kizito kivutacho mabehewa yote. Mitambo ya kuendesha imegawanywa chini ya mabehewa mengi, kila moja likishika sehemu ya kazi, kama siafu wabebao mzigo mmoja. Hivyo gari hushika mbio upesi na kusimama upesi, na uzito wake hauiumizi reli mahali pamoja.

La tatu ni hadhari. Kando ya njia na pwani viko vyombo vya kusikia tetemeko la nchi. Tetemeko hutanguliwa na mtikiso mdogo, na mtikiso mkubwa hufuata nyuma yake. Vyombo visikiapo ule mdogo, hukata umeme mara moja, na magari huanza kujizuia kabla mtikiso mkubwa haujafika. Dereva naye ana desturi ambayo mgeni aweza kuicheka. Kila aonapo taa au alama, huinyoshea kidole na kuitamka kwa sauti, ijapokuwa yu peke yake. Lakini si jambo la kuchekesha. Jicho likiona, na kidole kikaonyesha, na kinywa kikatamka, na sikio likasikia, akili haipati nafasi ya kulala. Tangu mwaka 1964 hata leo hapana abiria hata mmoja wa Shinkansen aliyekufa kwa gari kuacha reli au kugongana na jingine. Basi baraka ya haraka hii imo katika uangalifu wa watu wengi ambao abiria hawaoni.

Sasa tukae tule. Abiria wengi hununua stesheni sanduku dogo la chakula, ndani yake mna wali, kipande cha samaki, yai na achari, kila kitu katika chumba chake. Huku tukila, tutazame dirisha la mkono wa kuume. Kama mawingu yameondoka, tutauona mlima Fuji, wenye urefu wa mita 3,776. Kilimanjaro yetu huupita sana, maana ina mita 5,895; lakini Fuji husimama peke yake kama kilima cha unga uliomiminwa polepole, na theluji kichwani. Ni mlima wa moto, na mara ya mwisho ulitapika mwaka 1707.

Saa tatu na robo tu Kyoto. Mji huu ulifanywa makao ya mfalme mwaka 794, ukaendelea kuwa hivyo miaka zaidi ya 1,000, mpaka mfalme alipohamia Tokyo baada ya mageuzi ya mwaka 1868. Njia zake zilipimwa kwa kamba, zikakatana kama mistari ya bao la dama, kwa kufuata mfano wa mji mkuu wa Uchina wa siku zile. Milima yauzunguka pande tatu. Lakini mtu asidhani kwamba kila akionacho ni cha mwaka 794. Vita vya wakuu, vilivyopiganwa kutoka mwaka 1467 hata 1477, viliteketeza sehemu kubwa ya mji, na mioto mingine ikafuata. Sehemu kubwa ya Kyoto ya leo ilijengwa juu ya majivu.

Twende kwanza katika hekalu la Kiyomizu, mlimani upande wa mashariki. Mbele ya jumba lake iko roshani kubwa ya mbao, iliyotokeza juu ya bonde, kwenda juu yake mita 13. Jumba tulionalo lilijengwa mwaka 1633. Ukishuka chini na kutazama juu, utaona msitu wa nguzo, na boriti zimepenyezwa katika matundu ya nguzo na kukazwa kwa kabari, pasipo msumari. Fundi mmoja akiona boriti moja imeoza, aweza kuitoa na kutia nyingine, na roshani isianguke. Paa lake limeezekwa kwa magome ya mti uitwao hinoki. Magome hayo huchakaa, nayo hubadilishwa. Mara ya mwisho kazi hiyo ilimalizika mwaka 2020. Shikeni neno hili, wasikilizaji: lile jumba ni la mwaka 1633, na paa ni la jana.

Kutoka hapo twende kaskazini, katika Kinkaku-ji, yaani Hekalu la Jumba la Dhahabu. Ni jumba dogo la orofa tatu kando ya ziwa, na orofa mbili za juu zimepakwa dhahabu nyembamba kama karatasi, hata sura yake hung'aa majini. Mkuu mmoja aliyeitwa Ashikaga Yoshimitsu alianza kulijenga mwaka 1397. Lilipona katika vita na matetemeko, likapona katika Vita Kuu ya pili. Kisha usiku wa tarehe 2 Julai 1950 mwanafunzi mmoja wa utawa wa hekalu lile lile alilitia moto, likawa majivu. Wajapani hawakuketi kulia tu. Michoro na vipimo vilikuwapo, maana jumba lilikuwa limewahi kufunguliwa na kutengenezwa zamani. Wakalijenga tena, na mwaka 1955 kazi ikaisha. Basi mtu aweza kuuliza, "Hii tuionayo ni nyumba ya kale au ni nyumba mpya?" Tusijibu upesi. Swali hili ni ndugu ya lile tulilotoka nalo Tokyo.

Jioni tutapata malazi katika nyumba ya wageni ya Kijapani. Twavua viatu mlangoni, kama tufanyavyo sisi msikitini na katika nyumba nyingi za Pwani, na twalala chini, juu ya magodoro yaliyotandikwa kwenye mikeka minene ya nyasi. Tukitoka kutembea, tutafika mtaa wa Gion, wenye nyumba za chai na wanawake waliofundishwa ngoma na nyimbo za kale. Hapo adabu yatakiwa. Wageni wamekuwa wengi mno, wengine huwafuata wanawake wale wakiwapiga picha bila ruhusa, hata mwaka 2024 watu wa mtaa walipiga marufuku wageni kuingia katika vichochoro vyao. Mgeni mwema ni yule ambaye mwenyeji hasikitiki akimwona arudi.

Na kabla hatujalala, yatupasa kutaja jambo zito. Katika mwaka 1945 miji mingi ya Japani ilichomwa kwa mabomu. Wamarekani walipokuwa wakichagua miji ya kutupia bomu la atomiki, Kyoto uliandikwa katika orodha yao. Waziri wao wa Vita, Henry Stimson, ambaye aliwahi kuuzuru mji huu, alikataa. Alisema ni mji wa mambo ya kale na ya ibada, tena ukiharibiwa, uchungu wa Wajapani hautakwisha baada ya vita. Rais Truman akamkubalia, na Kyoto ukafutwa. Lakini orodha haikuachwa na pengo, maana jina la Nagasaki liliandikwa. Tarehe 9 Agosti bomu liliangushwa Nagasaki, na makumi ya maelfu ya watu wakafa. Kwa hiyo atembeaye Kyoto na kufurahia roshani na bustani, hawezi kufurahi furaha tupu. Uzuri huu uliponyeshwa, na watu wengine, wasiojua habari, wakatolewa mahali pake. Hatulisemi hili ili kuharibu safari. Twalisema kwa sababu kulisahau si heshima.

Jumapili asubuhi twapanda gari jingine, la njia nyembamba ya zamani, na baada ya dakika 45 hivi twafika Nara. Mji huu ulikuwa makao ya mfalme kabla ya Kyoto, tangu mwaka 710 mpaka 784. Wenyeji wa kwanza kutulaki ni kulungu. Wapo zaidi ya 1,000, nao hutembea katika bustani na njia bila kufungwa, kwa kuwa tangu zamani huhesabiwa kuwa wajumbe wa miungu ya Kasuga. Watu huwauzia wageni biskuti za pumba ili wawape, na wengi wa kulungu wamejifunza kuinamisha kichwa kabla ya kupewa, kama watu wasalimianao. Lakini atakayechezea njaa yao ajihadhari, maana adabu yao ina mpaka.

Katika hekalu la Todai-ji imo sanamu ya Budha iliyofanywa kwa shaba, urefu wake mita 15 hivi, nayo amekaa. Mfalme Shomu aliamuru ifanywe baada ya maradhi ya ndui na taabu nyingine kuisumbua nchi, na sherehe ya kuitia macho ilifanywa mwaka 752. Jumba la kuifunika liliteketezwa mara mbili katika vita, mwaka 1180 na mwaka 1567. Hili tulionalo lilimalizwa mwaka 1709, na upana wake ni mita 57. Lile la kwanza lilikuwa na mita 86 hivi. Sababu moja ni fedha, na nyingine ni miti. Miti mikubwa ilikuwa imekwisha, hata mafundi walilazimika kuunga vipande vingi vya mbao na kuvifunga kwa mapete ya chuma ili wapate nguzo moja nene. Hapa twajifunza kwamba nyumba ya kale haihifadhiwi nyumbani tu, bali na msituni. Asiyepanda mti leo, mjukuu wake hatapata nguzo.

Kutoka Nara twapanda tena gari, na kwa muda mfupi twafika penye mwisho wa safari yetu, hekalu la Horyu-ji. Lilianzishwa mwaka 607, likateketea mwaka 670, na majumba yaliyojengwa baada ya hapo yangalipo hata leo, nayo huhesabiwa miongoni mwa majumba ya miti ya kale kuliko yote duniani. Mnara wake wa orofa tano wenda juu mita 32. Wataalamu walipohesabu duara za ndani ya nguzo yake ya katikati, waliona kwamba mti ule ulikatwa mwaka 594. Ni mti wa hinoki, wa jamaa moja na mtarakwa wa nchi za juu za Kenya. Una mafuta yanayowachukiza wadudu, na hauozi upesi. Orofa za mnara zimepandishwa moja juu ya moja bila kushikamanishwa kwa nguvu, na tetemeko lijapo kila orofa hucheza kidogo kwa upande wake, mnara ukayumba wala usianguke.

Lakini hata hapa moto ulifika. Tarehe 26 Januari 1949, jumba lake kuu lilipokuwa likitengenezwa, moto uliwaka ndani yake, ukaziharibu picha za ukutani zilizodumu zaidi ya miaka 1,200. Sehemu za juu za jumba zilipona kwa kuwa mafundi walikuwa wamekwisha zifungua na kuziweka mbali. Nchi nzima ilihuzunika, na mwaka uliofuata, 1950, ikatungwa sheria ya kulinda mali ya kale. Hata leo, kila tarehe 26 Januari, mahekalu ya Japani hufanya mazoezi ya kuzima moto, na maji hurushwa juu ya mapaa yao.

Sasa tumekaa katika gari la kurudi Tokyo, na giza limeingia. Tujibu swali letu. Nyumba hizi hazikudumu kwa sababu miti yao haifi. Zimedumu kwa sababu ziliunganishwa kwa namna iwezayo kufunguliwa. Kwa sababu kilichooza hutolewa kabla hakijaambukiza kingine. Na zaidi ya yote, kwa sababu katika kila kizazi walikuwapo watu wajuao kazi ile, na vijana wenye kujifunza kwao. Liko mahali patakatifu paitwapo Ise, ambapo nyumba kuu hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Kijana huifanya kazi ile kama mwanafunzi, mara ya pili kama fundi, na mara ya tatu akiwa mzee huifundisha. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliandika ustadi huo wa maseremala wa Japani katika urithi wa dunia usioshikika kwa mkono. Basi kama mtu akituuliza Jumba la Dhahabu ni la kale au ni jipya, twamjibu: mbao ni mpya, na ujuzi ni wa kale.

Neno hili latuhusu na sisi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, ilianguka, na watu wawili wakafa. Mji Mkongwe wa Unguja na mji wa Lamu una nyumba nyingi za mawe, chokaa na boriti za mikoko, na milango iliyonakshiwa. Mvua hunyesha juu yake kila mwaka. Tuwaulize wazee wetu: ni nani angali akijua kuchoma chokaa, kuchagua boriti, kuchonga mlango? Na yuko kijana gani anayeketi karibu naye kutazama mikono yake? Reli ya mbio tutaipenda, nasi tutaipanda. Lakini Wajapani walio na gari la kilomita 285 kwa saa ndio hao hao wabadilishao magome ya paa kwa mkono, gome moja moja. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Taa za Tokyo zaonekana. Chukueni mizigo yenu, msisahau kitu kitini. Kwaherini, wasikilizaji, mpaka mazungumzo yetu mengine.